Vithiripi: tupulizie mapema au tuwaachie wadudu rafiki?

Taja vithiripi, wadudu wadogo sana wanaofyonza majani, mbele ya wakulima wa vitunguu na pilipili hoho, ubishi utazuka papo hapo. Wapo wanaosema mdudu huyu hasubiriwi: ukiona jani limeanza kupauka, jaza bomba. Wapo wanaojibu kwamba bomba ndilo linalomlea, na kwamba shamba lenye wadudu rafiki, yaani wanaowala waharibifu, hujilinda lenyewe. Naona kila upande una ukweli wake, ila wote wawili huruka swali linalopaswa kutangulia: huyo kithiripi anakuharibia nini? Anakula jani tu, au anakuletea virusi?

Maumbile yake yanawapa hoja wote. Mpevu ana urefu wa milimita moja au mbili, na mabawa yake membamba yamezungukwa na nywele ndefu. Kinywani ana taya moja tu lililokua, la kushoto. Kwa hilo hutoboa ngozi ya jani, kisha hufyonza yaliyomo ndani ya seli. Seli zikibaki tupu huingia hewa, ndiyo sababu jani hung'aa kama fedha, likiwa na vidoa vyeusi vya kinyesi. Jike hupasua jani na kulipachika yai humo ndani. Tunutu, yaani watoto wake, hula kwa hatua mbili, halafu wengi wao huanguka udongoni na kupita hatua mbili nyingine, wakiitwa pupa, bila kula chochote, ndipo wanapokuwa wapevu. Joto likiwa la kutosha, yote hayo huisha kwa wiki mbili hadi tatu.

Sasa fikiria siku ya kupulizia. Mayai yamo ndani ya jani, pupa wamejificha udongoni, na dawa nyingi haziwafikii. Waliobaki ni tunutu na wapevu, nao hawakai mahali pa wazi. Chukua kitunguu, panua majani pale yanapokutana shingoni: utawakuta tunutu wa njano mpauko wamesongamana katikati, mahali ambapo tone la dawa hupafikia kwa shida sana. Mtetezi wa dawa atasema basi rudia baada ya siku chache, uwakute wanaoanguliwa. Kwa mantiki ya mzunguko wa maisha, yuko sahihi kabisa.

Tatizo ni usugu, yaani mdudu kuzoea dawa. Kithiripi wa maua wa magharibi, Frankliniella occidentalis, hutaga yai lisilorutubishwa likatoa dume. Dume huyo ana nakala moja tu ya kila jeni. Jeni ya usugu, hata ile ambayo kwa jike ingefunikwa na nakala ya pili, kwa dume hujitokeza wazi, na dawa humchuja hapo hapo: asiye nayo hufa, aliye nayo hubaki kuzaa. Mdudu huyu asili yake ni magharibi ya Amerika Kaskazini. Tangu miaka ya 1970 alianza kusambaa duniani kwa njia ya biashara ya maua na miche, na mwaka 1983 alikuwa amefika Uholanzi. Dawa za jamii ya pairethroidi zimemshindwa katika maeneo mengi. Spinosadi, inayotokana na bakteria wa udongoni, ilifanya kazi nzuri sana, kisha nayo ikazoeleka katika baadhi ya maeneo.

Hapa wapo wakulima wanaodhani wanabadilisha dawa kumbe wanabadilisha chupa. Anayetoka spinosadi kwenda spinetoramu hajabadili chochote, kwani zote ziko kundi la 5 katika orodha ya kimataifa inayopanga dawa kwa namna zinavyoua. Abamektini na emamektini nazo ziko pamoja, kundi la 6. Namba hiyo ya kundi ina uzito kuliko jina la biashara lililoandikwa kwa herufi kubwa.

Hoja nzito zaidi ya upande wa wadudu rafiki inatoka kwenye mashamba ya pilipili hoho ya Florida, Marekani. Watafiti huko waliona kwamba mdudu mdogo aitwaye Orius, anayewala vithiripi, akifikia mmoja kwa kila vithiripi 180 hivi huanza kuwapunguza, na akifikia mmoja kwa 40 huwadhibiti. Pairethroidi zilipopulizwa, Orius waliuawa, na vithiripi wa maua wa magharibi wakaongezeka badala ya kupungua. Isitoshe, kithiripi huyo huyo hula mayai ya utitiri mwekundu, ambao nao ni mharibifu wa mimea, kwa hiyo kwenye zao kama pamba si kila anapoonekana ni hasara.

Kama jambo lingeishia kwenye kula majani, ningesimama upande huo bila kusita. Haliishii hapo. Virusi vya mnyauko madoa wa nyanya hushambulia zaidi ya aina 1,000 za mimea, na hubebwa na vithiripi. Ili mpevu aweze kuviambukiza, lazima awe alivipata alipokuwa tunutu. Akivinyonya ukubwani haambukizi. Kwa hiyo mpevu anayeingia kutoka kwenye magugu ya jirani anaweza kuwa amebeba tayari, na mlo mfupi tu unatosha kuupa mmea ugonjwa. Orius atamla, lakini huenda akamla baada ya mmea kuambukizwa. Kumwambia mkulima wa nyanya avumilie vithiripi wachache ilhali ugonjwa umezagaa jirani ni kumpotosha.

Je, dawa humwokoa? Kwa sehemu. Mpevu anayeingia mara nyingi huambukiza kabla sumu haijamuua. Kwenye karanga, kusini mwa Marekani, zipo dawa zilizoua vithiripi vizuri bila kupunguza ugonjwa. Kinachosaidia pale ni mbegu kinzani, kupanda kwa kubananisha mistari, kuchagua tarehe ya kupanda, na kwa nyanya na hoho, matandazo yanayoakisi mwanga ili mdudu asitue. Hata mbegu kinzani si kinga ya milele. Aina za virusi zinazoivunja zimeshatokea.

Dawa basi nafasi yake iko wapi? Ndani ya shamba, dhidi ya kizazi kinachozaliwa humo. Gonga maua juu ya karatasi nyeupe, uhesabu tunutu na wapevu kila kundi peke yake. Ukipata wapevu watupu, wengi wao wanaruka kutoka nje. Ukiwapulizia leo, wengine watatua kesho. Tunutu wakiwa wengi juu ya mimea inayoonyesha dalili za virusi, wanafuga ugonjwa humo humo: ng'oa mimea hiyo, kisha pulizia dawa isiyowaumiza sana Orius. Tunutu wakiwa wengi, ugonjwa haupo, na Orius wanaonekana kwenye karatasi hiyo hiyo, mimi ningeliacha bomba ghalani na kurudi kuhesabu baada ya siku chache.