Shahada au stashahada: mteknolojia wa mionzi aandaliwe vipi?

Baada ya Tanzania kutumia sehemu ya fedha za mpango wa UVIKO-19 wa shilingi trilioni 1.3, uliozinduliwa mwaka 2021, kununua mashine za CT, zinazotumia eksirei kupiga picha za mwili tabaka kwa tabaka, kwa ajili ya hospitali za rufaa za mikoa pamoja na eksirei za kidijitali, swali la nani aziendeshe limekuwa zito kuliko swali la zitapatikana wapi. Kwa miaka mingi mteknolojia wa mionzi, yaani anayeziendesha mashine hizi na kumpiga mgonjwa picha, ametokana na stashahada ya miaka mitatu, ambayo kijana aliyefaulu masomo ya sayansi kidato cha nne anaweza kujiunga nayo. Sasa ipo pia njia ya chuo kikuu, kama shahada ya upigaji picha za tiba na tiba ya mionzi inayotolewa na chuo kikuu cha Bugando, Mwanza, au ile ya Makerere kwa upande wa Uganda. Wapo wanaotaka shahada iwe sharti la kuingia katika taaluma hii, na wapo wanaoona kwamba sharti hilo litaziacha hospitali za wilaya bila watu.

Hoja ya wanaotaka shahada ni nzito kuliko inavyoelezwa kwa kawaida. Wengi huitetea kwa kutaja hadhi na mshahara, mambo ambayo ni ya haki lakini hayamgusi mgonjwa moja kwa moja. Kinachomgusa mgonjwa ni fizikia. Enzi za filamu, kosa la kipimo cha mionzi lilijianika lenyewe: mionzi ikizidi, filamu ilitoka chumba cha giza ikiwa nyeusi, na ikipungua ilitoka imepauka, hivyo hata aliyefunzwa kwa kukariri alirekebishwa na filamu yake mwenyewe. Mashine ya kidijitali imeliondoa onyo hilo, kwa sababu kompyuta huisawazisha picha kabla haijaonekana kwenye kioo. Mionzi ikipungua picha huonyesha chenga na daktari hulalamika, lakini ikizidi picha hutoka safi na kila mtu hufurahi. Mteknolojia asiyejua kusoma namba inayoonyesha kiasi cha mionzi kilichofika kwenye kipokezi cha picha, na asiyejua kwa nini namba hiyo ipo, anaweza kupandisha vipimo vya mionzi kidogo kidogo kwa miezi mingi huku akisifiwa kwa picha nzuri.

Kwenye CT uzito wa jambo hili huongezeka. Eksirei moja ya kifua humpa mtu mzima takriban sehemu moja ya kumi ya milisiveti (kizio cha kupimia mionzi inayoupata mwili) au pungufu ya hapo, ilhali CT ya tumbo hufikia karibu milisiveti 10. Mtoto akipigwa CT kwa vipimo vilivyopangwa kwa ajili ya mtu mzima hupokea mionzi ambayo hakuihitaji, na hakuna atakayeijua isipokuwa yule aliyekaa mbele ya mashine. Hata kanuni tulizozoea hubadilika. Mwaka 2019 chama cha wanafizikia wa tiba cha Marekani kilishauri kuachwa kwa desturi ya miongo mingi ya kufunika viungo vya uzazi vya mgonjwa kwa ngao ya madini ya risasi, kwa kuwa ngao inaweza kuficha sehemu inayotafutwa au kuifanya mashine inayojirekebisha yenyewe iongeze mionzi. Aliyefundishwa tu kwamba mgonjwa hufunikwa atabaki njia panda, wakati aliyefundishwa sababu ya kumfunika anaweza kupima ushauri mpya na kumweleza mama mwenye wasiwasi kwa nini leo mtoto wake hakufunikwa.

Hata hivyo, hakuna hata moja kati ya haya linalothibitisha kwamba cheti cha shahada, peke yake, humpa mtu uwezo huo. Tumfikirie majeruhi wa pikipiki aliyeletwa usiku akiwa amefungwa kola ya shingo. Picha ya ubavuni ya shingo haijakamilika mpaka ionyeshe pingili zote saba pamoja na sehemu ya juu ya pingili ya kwanza ya kifua, na mabega ya mtu mnene huifunika sehemu hiyo. Kujua jinsi ya kuyashusha mabega bila kuitikisa shingo, wakati gani wa kuacha kujaribu na kupiga picha kwa pembe nyingine, na namna ya kuzungumza na mtu anayelia kwa maumivu ili atulie, ni mambo yanayopatikana kwa kusimama kando ya aliyeyafanya mara nyingi. Mwanafunzi wa stashahada aliyetumia muda wake mwingi katika chumba cha eksirei chenye foleni ndefu anaweza kumzidi hapa mhitimu wa chuo kikuu ambaye alishindania nafasi na wenzake wengi kuzunguka mashine moja, na siku nyingine akaikuta imeharibika.

Uingereza inatupa funzo lenye pande mbili. Huko stashahada ilibadilishwa kuwa shahada mwanzoni mwa miaka ya 1990, na kabla ya muongo huo kwisha wapo wateknolojia wa mionzi waliokwisha kufunzwa zaidi na kuruhusiwa kuandika ripoti za picha, kazi ambayo awali ilikuwa ya daktari bingwa wa radiolojia, yaani wa kusoma picha hizo. Kwa nchi zetu, ambako mabingwa hao ni wachache na wengi wako mijini, hilo si jambo la kupuuzwa. Lakini Waingereza hao hao, miaka michache baadaye, walilazimika kuanzisha ngazi ya wasaidizi walio chini ya wenye shahada, kwa kuwa kazi za kila siku zilikuwa nyingi kuliko wahitimu. Waliondoa ngazi ya chini, kisha wakalazimika kujenga nyingine.

Marekani ilifuata njia nyingine. Tangu Januari 2015, baraza la usajili la huko humtaka anayeanza taaluma awe angalau na shahada ndogo ya miaka miwili, ambayo hata si lazima iwe ya radiolojia. Kinachodaiwa bila kulegezwa ni mafunzo ya taaluma yenyewe yaliyoidhinishwa, mtihani wa baraza, na orodha ya vipimo ambavyo mwanafunzi amethibitishwa kuvimudu kwa mgonjwa. Kiwango cha elimu ya jumla na uthibitisho wa mikono vimetenganishwa, na mimi naona hapo ndipo mjadala wetu ungepaswa kuelekea.

Kwa maoni yangu, anayesimamia CT, MRI (mashine ya picha inayotumia sumaku) au mashine ya tiba ya mionzi anahitaji elimu ya kiwango cha shahada, na muda wa kulikubali hilo umefika. Eksirei ya kawaida katika hospitali ya wilaya na kituo cha afya inaweza kuendelea kuwa mikononi mwa mwenye stashahada aliyefunzwa vizuri, mradi elimu ya mionzi ya kidijitali iingizwe katika mtaala wake kwa uzito. Ambalo siliungi mkono ni kumtaka mtu aliyefanya kazi miaka kumi aanze shahada mwaka wa kwanza kama ametoka shuleni jana. Njia ya kujiendeleza inapaswa kutambua kazi aliyokwisha kufanya, imwongezee fizikia, anatomia ya picha za matabaka na utafiti, na imruhusu kusoma bila kuacha chumba cha eksirei kikiwa kimefungwa.

Vyombo vya kulisimamia hili vipo hapa Tanzania. Taaluma ina sheria yake ya mwaka 2007 na baraza lake la usajili, na Tume ya Nguvu za Atomiki, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003, hukagua mashine na kupima mionzi inayowafikia wafanyakazi. Baraza linaweza kuanza kwa kudai, kwa shahada na stashahada vilevile, daftari la vipimo vilivyofanywa na kutiwa saini na mkufunzi wa vitendo. Hapo itabidi mkufunzi huyo naye apewe muda na malipo ya kufundisha, maana leo mara nyingi ni mteknolojia yule yule mwenye foleni ya wagonjwa mlangoni, anayefundisha pale tu foleni inapopungua.