Caroline Norton aliomba kidogo, akapewa kidogo

Mageuzi ya sheria ya Uingereza zama za Malkia Victoria husimuliwa kana kwamba mabwana wenye huruma walikaa Bungeni, wakaiona dhuluma, wakaiondoa. Mimi naona walikuwa wakiburutwa, na aliyewaburuta sana katika sheria za ndoa ni mwanamke ambaye hakuwa hata na haki ya kushtaki kwa jina lake.

Caroline Norton alikuwa mwandishi, na alijulikana London. Aliolewa mwaka 1827 na George Norton, mwanasheria mwenye mkono mwepesi wa kupiga. Mwaka 1836 George alimfungulia kesi Waziri Mkuu, Lord Melbourne, kwa madai ya kuzini na mkewe, akataka fidia ya pauni 10,000. Caroline hakuitwa kujitetea kwa kuwa kesi ilikuwa ya wanaume wawili. Melbourne alishinda bila jasho, lakini tayari George alikuwa amewachukua watoto wao watatu wa kiume, na sheria ilimlinda. Watoto walikuwa wa baba. Mama, hata asiye na doa, hakuwa na haki ya kuwaona.

Caroline akashika kalamu, akaandika vijitabu na kuwashawishi wabunge mmoja mmoja. Mbunge mmoja, Talfourd, aliupeleka muswada, Baraza la Mabwana (House of Lords) likaukataa mwaka 1838, ukapita mwaka uliofuata. Sasa mama angeweza kuomba kukaa na mtoto wa chini ya miaka 7, mradi asiwe na hatia ya uzinzi, na aombe katika mahakama ya Chancery, ambako kesi zilizeeka na pesa kuisha. Mke wa mfanyakazi wa kiwandani Manchester angefikaje huko? George naye aliwapeleka watoto Scotland, yenye mahakama zake, ambako mkono wa mahakama za England haukufika. Mwaka 1842 mdogo wao, William, alianguka kutoka kwenye farasi. Mama yake alipofika, mtoto alikuwa ameshafariki.

Lakini kisa kinachonichoma zaidi ni cha mwaka 1853. George alikuwa ametia saini hati ya kumpa mkewe masurufu ya pauni 500 kwa mwaka. Aliposimamisha malipo, wadai wa mkewe, waliomtengenezea gari la farasi, walimshtaki yeye. Hapo ndipo ilipodhihirika kwamba hati ile haikuwa na nguvu yoyote: kisheria mume na mke ni mtu mmoja, na mtu hawezi kufunga mkataba na nafsi yake. Isitoshe, pesa ambazo Caroline alilipwa kwa vitabu vyake zilikuwa mali ya George.

Na huyuhuyu Caroline aliandika mwaka 1855 kwamba mwanamke kwa maumbile yuko chini ya mwanamume, na kwamba Mungu ndiye aliyepanga hivyo. Wapo wanaomwita msaliti kwa hilo. Mimi nadhani alijua anaongea na nani. Hakudai usawa, alidai ulinzi, nao mabwana waliweza kumpa ulinzi bila kujiona wameshindwa. Hasara yake ilionekana katika sheria ya talaka ya mwaka 1857: mume alihitaji kuthibitisha uzinzi tu, mke alitakiwa kuongeza ukatili, kutelekezwa au kosa lingine zito. Lord Cranworth, Lord Chancellor wa wakati huo, alieleza bila haya kwamba mke anaweza kusamehe uzinzi wa mumewe asipoteze heshima, ila mume hawezi. Gladstone, mbunge aliyeichukia talaka yenyewe, ndiye aliyesema kama lazima iwepo basi iwe sawa kwa wote.

Mali ilichelewa zaidi. Mwaka 1870 mke aliruhusiwa kushika ujira wake, na mwaka 1882 mali yake yote. Miaka mingi kabla ya hapo Zanzibar, Sayyida Salme, binti wa Sultani Said aliyefariki 1856, alikuwa na shamba alilorithi kwa jina lake, kwa sababu sheria ya Kiislamu haikumeza mali ya mke. (Shamba lililolimwa na watumwa, hilo nalo tusilifiche.) Kwa hiyo nikisikia kwamba Mzungu ndiye aliyemletea mwanamke wa pwani haki ya mali, nacheka.

Bara mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Mwaka 1971 Mahakama Kuu ya Kenya iliamua kwamba sheria ya Uingereza ya 1882 inatumika nchini, na wanandoa Wakenya wakaendelea kugawana mali kwa sheria hiyo ya zama za Victoria hadi Bunge lilipotunga yake mwaka 2013. Katikati hapo, mwaka 2007, Mahakama ya Rufaa ilisema ndoa peke yake haimpi mke fungu katika mali iliyosajiliwa kwa jina la mume, aonyeshe alichochangia. Jirani Tanzania ilikuwa imekubali tangu 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed, kwamba kazi za nyumbani ni mchango. Sheria ya 2013 ya Kenya nayo inazitambua, ila Januari 2023 Mahakama ya Juu ilisisitiza kuwa nusu kwa nusu haiji yenyewe, kila mmoja athibitishe sehemu yake. Mume atakuja na hati ya kiwanja na karatasi za benki. Mke aliyepika na kulea miaka 20 ataleta risiti gani?