Asilimia 98 ya nini?

Nimetumiwa tena kwenye kundi la WhatsApp slaidi za kijana aliyetengeneza programu ya kutabiri saratani ya mlango wa kizazi. Usahihi asilimia 98! Pongezi zikamiminika, mtu akauliza kama Wizara imeshaarifiwa. Mimi nikaenda moja kwa moja kutafuta data imetoka wapi. Caracas, kama kawaida.

Walio kwenye fani mnaijua: wanawake 858 wa hospitali ya chuo kikuu kule Venezuela, data iko wazi mtandaoni tangu 2017, na kila anayejifunza akili bandia ameichezea. Kati yao, waliochukuliwa kipande kidogo cha nyama ya mlango wa kizazi kikapimwa na kukutwa na tatizo ni 55. Sasa chukua daftari, andika "hana" kwa wote 858 bila kumtazama hata mmoja. Umepatia karibu asilimia 94, na wale 55 wote umewarudisha nyumbani. Hongera, una modeli.

Wengine huwatungia wale 55 wenzao wa kubuniwa na kompyuta, ili idadi ya wagonjwa ilingane na ya wazima. Wengine huilisha mashine majibu ya vipimo vyenyewe, yaani kupakwa aidini na kuangaliwa kwa kolposkopu (darubini ya kukuza mlango wa kizazi), eti itabiri. Aliyekwisha kupimwa hivyo anatabiriwa nini tena?

Lakini kinachoniudhi hasa ni nafasi tupu. Wanawake wale waliulizwa wamekuwa na wapenzi wangapi, walianza na umri gani, wamewahi kuugua magonjwa ya zinaa. Baadhi walikataa kujibu. Safu za magonjwa ya zinaa zina nafasi tupu 105, na ile ya kitanzi 117. Vijana wetu wanazijaza kwa wastani, wanasonga mbele. Jamani! Mtu kanyamaza kwa sababu zake, nyie mnamjibia?

Na waliojibu je? Ninyi mmewahi kukaa kliniki. Nesi ana fomu, mlango uko nusu wazi, mama mkwe kakaa kwenye benchi hapo nje.

"Umekuwa na wapenzi wangapi?"

"Mmoja."

Mashine inaandika mmoja, inajifunza mmoja.

Haya yote ya nini, wakati HPV, kirusi kinacholeta saratani hii, kinapimika? Aina mbili tu, ya 16 na ya 18, zinabeba takribani asilimia 70 ya saratani hizi, na mwanamke anaweza kujichukulia sampuli mwenyewe bila kumsimulia mtu maisha yake. Tatizo letu ni vipimo kufika zahanati, na aliyekutwa na kirusi kufuatiliwa. (Chanjo ya kirusi hicho kwa mabinti tunayo Tanzania nzima tangu 2018, hapo sina neno.)

Haya, nikubali moja. Kupima kwa siki, yaani kuipaka kwenye mlango wa kizazi na kutazama panapogeuka peupe, kunategemea jicho, na weupe anaouona muuguzi huyu mwenzake haoni. Kompyuta ikisoma picha ikamsaidia aliye peke yake kijijini, nitapiga makofi, ilimradi imejaribiwa kwa picha za wanawake wetu na majibu yao ya maabara. Slaidi za namna hiyo nitumieni hata usiku.