Dawa za bure za mama zinatugharimu shilingi 31,000 kwa mwezi

Mama yangu ana miaka 67, ana presha na sukari, na dawa zake zote tatu anapewa bure. Sera ya afya ya Tanzania inawasamehe wazee wasio na uwezo kuanzia miaka 60, na mama ana kitambulisho chake cha msamaha, amekifunga kwenye mfuko wa nailoni pamoja na daftari la kliniki. Kwenye vitabu vya hesabu vya hospitali, mama ni mgonjwa asiyelipa kitu.

Mwezi uliopita nilikuwa likizo nyumbani nikampeleka kliniki mwenyewe, nikaandika kila shilingi iliyotoka. Anaishi kijiji cha milimani, mkoa wa Tanga. Bodaboda ya kushuka hadi barabara kuu ni 6,000, na kupanda 6,000, hapo mjukuu anayemsindikiza amepakiwa mshikaki. Hiace ni 2,000 kwa kichwa, watu wawili, kwenda na kurudi: 8,000. Chai, chapati na sahani mbili za wali maharage, 5,000. Mama huuza vitumbua asubuhi na faida yake ya siku ni kama 6,000. Siku ya kliniki jiko haliwashwi. Jumla 31,000. Zidisha mara 12 upate 372,000 kwa mwaka, za mtu anayetibiwa bure.

Jioni nikapita duka la dawa na karatasi yake nikauliza bei. Dozi ileile ya mwezi mzima, vidonge vyote vitatu, 12,000.

Nilirudi nyumbani nimevimba kichwa kama mtu aliyegundua dhahabu. Nikamwambia mama, kuanzia sasa nakutumia hela, unanunua hapo dukani, basi. Akanisikiliza hadi mwisho kisha akasema, "Nikiacha kwenda, watanifuta kwenye daftari. Siku nikianguka mtanipeleka wapi, dukani?"

Sikuwa na jibu. Mimi niliona kwamba anafuata vidonge, kumbe mwenyewe anafuata nafasi yake kwenye foleni ya siku mbaya itakayokuja. Nauli ya kila mwezi kwake ni kama mchango wa kuzikana: unautoa ukiwa mzima ili usikose watu.

Siku yenyewe ilivyokwenda nayo nataka kuisimulia, kwa sababu ndani yake kuna jambo ambalo hakuna hesabu ya hospitali ingelionyesha. Tuliamka saa 10 alfajiri. Mama hakula, maana sukari yake inapimwa kabla ya kula. Saa 1 tulikuwa tumeshika namba. Foleni ya madaftari, foleni ya kupimwa, foleni ya daktari, dirisha la dawa. Kwa daktari alikaa dakika 4, nilitazama saa. Presha ilikuwa juu, kama ilivyokuwa miezi yote iliyotangulia, na kwenye daftari kulikuwa na maneno yanayojirudia kwa mwandiko tofauti tofauti: hazingatii dawa. Miezi kadhaa nyuma walikuwa wamempandishia amlodipini, moja ya dawa zake za presha, kutoka miligramu 5 hadi 10. Tangu hapo miguu inamvimba, jambo ambalo dawa hiyo hulifanya kwa baadhi ya watu, hasa dozi ikiwa kubwa. Jirani alipoiona akamwambia hizo ni figo zinakwenda, mama akaogopa, akawa anameza siku moja anaruka siku moja.

Safari hii aliyempima presha alikuwa muuguzi mgeni, binti mdogo. Alisoma daftari, akamtazama mama, akauliza swali la maneno manne tu: "Bibi, leo asubuhi umemeza?"

Mama akacheka kwa aibu. Hakumeza. Siku ya kliniki huwa hamezi kamwe, kwa sababu kimoja kati ya vile vidonge ni dawa ya kukojosha, na kutoka kijijini hadi hospitali ni saa mbili za bodaboda na Hiace, na dereva wa Hiace hasimami kwa ajili ya bibi anayetaka kuchutama kichakani mbele za watu. Hajui kipi ni cha mkojo kati ya vidonge vya presha, kwa hiyo anaviacha vyote. Siku anayopimwa ndiyo siku ya mwezi ambayo ni hakika hajameza dawa.

Tazama mnyororo ulivyojifunga. Safari ndefu inamfanya asimeze. Asipomeza, mashine inasoma juu. Mashine ikisoma juu, dozi inapandishwa. Dozi ikipandishwa, miguu inavimba, na miguu ikivimba anaanza kuruka dawa hata siku zisizo za safari. Na kuna pingu moja zaidi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 unapendekeza mgonjwa ambaye presha yake imetulia aonwe kila baada ya miezi 3 hadi 6. Ambaye bado hajatulia ndiye anayefuatiliwa kila mwezi. Kwa hiyo safari inayomnyima utulivu kwenye karatasi ndiyo hiyohiyo anayoongezewa kwa kukosa utulivu. Ameambiwa sasa, siku za kliniki kile cha mkojo akimeze akisharudi nyumbani, na vingine asiviache. Nani angelijua hilo bila swali la yule binti?

Wanaouita ugonjwa huu wa mama tatizo la nidhamu wana kumbukumbu fupi. Shirika hilohilo la Afya liliandika mwaka 2003 kwamba hata katika nchi tajiri, wagonjwa wa maradhi ya kudumu wanaofuata dawa zao ipasavyo kwa muda mrefu ni kama nusu tu. Nusu ya watu wa Ulaya na Marekani nao ni wakaidi?

Nimekuwa nikisoma mambo ya uchumi wa afya kwa ajili ya kazi yangu, na nikiri kwamba taaluma hii naipenda. Inauliza swali la kiungwana: fedha hazitoshi, tuziweke wapi ziokoe watu zaidi? Kipimo chake kikuu kinaitwa QALY. Mwaka mmoja wa kuishi ukiwa mzima kabisa ni 1, kifo ni 0, na ugonjwa unamega sehemu. Uingereza wana taasisi iitwayo NICE, iliyoanzishwa 1999, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa ikiamua dawa ipi inafaa kulipiwa kwa kutazama kama kila QALY moja inapatikana kwa pauni 20,000 hadi 30,000. Ni utaratibu ulio wazi kuliko kuamuliwa gizani na mwenye sauti kubwa. Lakini katika hesabu yake ya msingi NICE huandika gharama za mfumo wa afya na huduma za jamii. Nauli ya mgonjwa na siku yake iliyopotea havimo. Kwa London yenye mabasi ya bure kwa wazee labda si kitu. Ukiibeba hesabu ya namna hiyo na kuileta milimani kwetu, kliniki ya kila mwezi itaonekana nafuu, kwa sababu 31,000 za mama haziko kwenye safu yoyote.

Usiku ule, tukiwa tumekaa nje, nikajaribu kumuuliza mama swali ambalo watafiti hulitumia kupata zile namba kati ya 0 na 1. Nikamwambia, tuseme umebakiwa na miaka 10 ya kuishi na presha na sukari zako. Ukiambiwa utoe michache ili inayobaki uiishi mzima kabisa, ungetoa mingapi?

"Niitoe nimpe nani?"

Nikajaribu kufafanua. Akaniambia miaka anayo Mwenyezi Mungu, mwanangu, kisha akauliza kama nimekula.

Siwacheki watafiti, swali lao limefanya kazi sehemu nyingi. Lakini mtu ambaye umri hauhesabu kuwa mali yake hawezi kuutumia kununua kitu. Na majedwali yenyewe yana safari zake: kwa muda mrefu nchi nyingi za Afrika hazikuwa na jedwali lao la kugeuza majibu ya wagonjwa kuwa namba, watafiti wakawa wanaazima la Zimbabwe, lililotokana na watu wa Harare. Dodoso linalotumika sana kukusanya majibu hayo, EQ-5D, lina mambo matano: kutembea, kujihudumia, shughuli za kila siku, maumivu na wasiwasi. Aibu ya kuomba Hiace isimame sijui ungeiweka kwenye kipengele gani.

Sasa, kuna jirani yetu mmoja anayechukua dawa za VVU. Yeye anakwenda mara mbili kwa mwaka, anarudi na makopo ya miezi 6. Mama anamjua, na siku moja alisema kwa utani ambao haukuwa utani wote, "Heri yeye." Nilishtuka. Ndani ya umri wangu huu nimeuona ugonjwa uliokuwa ukinong'onwa ukigeuka kuwa ugonjwa wenye kliniki ya kuonewa wivu.

Haikutokea kwa bahati. Fedha zilikuwepo, za Global Fund, mfuko wa dunia wa UKIMWI, kifua kikuu na malaria, tangu 2002, na za PEPFAR, mpango wa UKIMWI wa Marekani, tangu 2003. Lakini fedha peke yake zingeweza kujenga foleni ndefu zaidi zenye mabenchi mazuri. Kilichokuwepo pia ni wagonjwa waliojipanga. WAVIU, yaani watu wanaoishi na VVU, walikuwa na vikundi, wakawa na baraza lao la kitaifa, wakakaa kwenye vikao na kusema wazi kwamba kuja kila mwezi kunawafukuzisha kazi. Mwaka 2016 mwongozo wa Shirika la Afya ukatamka kwamba mtu aliyetulia kwenye ARV anaweza kuonwa kila baada ya miezi 3 hadi 6. Chama cha wenye presha mimi sijakisikia. Nani atajipanga kwa ugonjwa usiouma? Mama na wenzake wanakutana kwenye benchi la foleni, wanapeana habari za misiba, wanatawanyika.

Kuna waliojaribu kuziunganisha kliniki hizi. Utafiti wa INTE-AFRICA, uliofanyika Tanzania na Uganda na kuchapishwa 2023, uliwaweka wenye VVU, sukari na presha katika kliniki moja, na matokeo ya wenye VVU hayakuharibika. Baada ya Marekani kusimamisha misaada yake Januari 2025, nadhani jambo hili litarudi mezani kwa nguvu, safari hii kwa sababu ya ukata. Hofu yangu ni kwamba tutaunganisha kwa kushusha: badala ya mwenye presha kupata miezi 6, mwenye VVU arudishwe kwenye mwezi 1.

Nikiwa na hasira zangu nilimuuliza mfamasia mmoja ninayemfahamu, anayefanya kazi hospitali nyingine kabisa, kwa nini wasitoe dawa za presha za miezi 3. Hakukasirika. Alisema stoo yake ikipokea amlodipini ya watu 120 kwa mwezi, akitoa za miezi 3, mtu wa 41 atarudi mikono mitupu na ndiye atakayepiga simu redioni. Dawa za VVU zinaletwa kwa kuhesabu miezi ya mgonjwa mbele, na zina mfuko wake. Dawa za presha zinanunuliwa kwa kinachopatikana. Hoja yake ina uzito, na inanionyesha tatizo liko wapi: kwenye mtaji wa kununua mara moja akiba ya miezi mitatu. Ni fedha ya kutolewa mara moja. Baada ya hapo matumizi ya mwezi ni yaleyale. Wenye maduka ya rejareja wanalielewa hili kuliko sisi tunaoandika makala.

Kwa hiyo nilikuwa na jawabu langu tayari. Miezi 3 kwa wote, mtaji utafutwe, safari 12 ziwe 4, mama aokoe 248,000 kwa mwaka. Nilikuwa nimeanza hata kuiandika hapa.

Kabla ya kuondoka nikamuuliza tena mama, safari hii kwa namna ambayo watafiti wengine huitumia, ya kumwekea mtu vikapu viwili achague. Kikapu cha kwanza: unakwenda hospitali ileile mara nne tu kwa mwaka, unarudi na dawa za miezi 3. Kikapu cha pili: unakwenda kila mwezi, lakini zahanati ya hapa kijijini, dakika 20 kwa miguu, unapimwa, unapewa dawa, mara moja kwa mwaka ndiyo unashuka mjini kwa daktari.

Hakufikiri hata kidogo. Cha pili.

"Miezi mitatu nimeze tu bila kupimwa? Nitaota presha usiku." Halafu akaongeza kwamba mhudumu wa zahanati anamjua, ni mtoto wa fulani, hawezi kumwandikia kwamba hazingatii.

Nikashuka hadi zahanati kesho yake asubuhi. Mashine ya presha wanayo na inafanya kazi. Dawa ya kukojosha wanayo. Amlodipini na metformini, ile ya sukari, mhudumu alisema, hazimo kwenye wanavyoletewa, lakini kama nina ndugu wilayani anayeweza kulisemea jambo hili, nimkumbushe.