Tulivyomzika Mzee Mpira Akiwa Hai

Julai 2019 Mwanza haikuwa na raha. Taifa Stars walikuwa wametoka fainali za Mataifa ya Afrika kule Misri mikono mitupu: Senegal 2-0, Kenya 3-2, Algeria 3-0. Miaka 39 tumesubiri tangu fainali za Nigeria mwaka 1980, halafu tunarudi bila hata pointi moja ya kuwaonyesha wageni. Ile ya Kenya ndiyo iliyotumaliza. Tumeongoza mara mbili, Msuva kafunga, Samatta kafunga, kibanda umiza kizima kimepanda juu ya mabenchi, kumbe Olunga wa Kenya anatusubiri dakika ya 80.

Kijiweni kwetu Mabatini tukakubaliana kwamba wachezaji waachwe, wa kulaumiwa ni wakubwa wa soka. Na ndiyo hasira yenyewe: sisi mashabiki kura hatupigi. Wanaochagua ni wajumbe wa mkutano mkuu wa shirikisho la soka, wa mikoa na wa klabu, na wa vyama vya waamuzi na makocha. Sisi kazi yetu kulipa kiingilio na kupandisha presha. Nikitaka kumzomea kiongozi uso kwa uso, nipande basi zaidi ya kilomita 1,100 hadi Dar, na nikishuka pale hata sauti ya kuzomea sina.

Mwenyekiti wa kijiwe akaja na wazo: tufanye mazishi. Mashabiki wa Simba na Yanga wanazikana kila mwaka, jeneza linazungushwa mjini na hakuna anayeshangaa. Sisi tulizike soka lenyewe, toka Mabatini hadi lango la Uwanja wa CCM Kirumba. Sheria inataka polisi wapewe taarifa ya maandishi saa 48 kabla. Barua niliiandika mimi, kwa mwandiko wa harusi kabisa, na Mwenyekiti akaitunza vizuri mfukoni mwake. Najua kwa sababu siku ya tukio alijifutia jasho nayo.

Jeneza tuliazima kwa fundi seremala wa jirani. Alikuwa nalo moja limekaa tu, oda ya mgonjwa ambaye baadaye alipona. Ndugu hawakurudi, na fundi hakuwa na uso wa kuwafuata kudai salio. Akatupa kwa sharti lisipate mkwaruzo, na akasema atatufuata nyuma kuhakikisha. Ndani tukamlaza marehemu: mpira mmoja mkuukuu uliovishwa jezi ya Stars.

Mabango yalikuwa yaje na vijana wa Igoma. Filimbi nayo, vuvuzela nazo, zote Igoma. Vijana wa Igoma wakachelewa. Kwa hiyo kilichotoka Mabatini asubuhi ile ni wanaume watupu, nguo nyeusi, nyuso zimekunjamana, jeneza begani, kimya.

Barabara ya Nyerere bodaboda zikaanza kusimama. Daladala zikazima muziki. Askari wa usalama barabarani akazuia magari pande zote mbili, akatupigia saluti. Mimi nilikuwa nimejiandaa kwa mabomu ya machozi, kitambaa kilicholowa maji ninacho mfukoni. Kwa saluti sikujiandaa. Tukapita tumeinamisha vichwa.

Mbele kidogo mama mmoja muuza dagaa akatua beseni lake, akanisogelea. "Ng'wanawane, nani tena?"

Nikamjibu kwa uchungu wa kweli, maana nilikuwa namuwaza Olunga. "Mpira, mama. Mpira katutoka."

"Mzee Mpira!" Akapiga ukunga ulioitoa mitaa miwili nje.

Sasa, Mzee Mpira ni mtu. Anashona mipira na viatu tangu enzi za timu yetu ya Pamba, ile ya kutisha, Kirumba ikijaa pomoni. Na mwaka ule alikuwa ameugua sana, kwa hiyo habari ilimkuta kila mtu yuko tayari kuipokea. Nilijaribu kumsahihisha yule mama. Jaribu wewe kumsahihisha mama aliyekwisha kujifunga kanga kiunoni analia.

Rambirambi zikaanza kudondoka kwenye kofia ya Mwenyekiti. Nikamnong'oneza: "Mwenyekiti, hizi hela zirudi."

"Utamrudishia nani? Wewe lia."

Mwinjilisti aliyekuwa anahubiri kando ya barabara akaacha mahubiri, akaja kuongoza maombi. Mzee mmoja wa baraghashia akamwambia kwa upole kwamba marehemu ni Mwislamu. Wakabishana hadi Barabara ya Makongoro, na huko nyuma watu wanazidi kuongezeka. Kwa idadi, yale yalikuwa maandamano makubwa kuliko tulivyoota. Shida ni kwamba hakuna aliyejua kwamba anaandamana.

Karibu na daraja la waenda kwa miguu pale Furahisha, mbebaji mmoja mfupi akampokea mrefu. Jeneza likainama. Ndani mpira ukavuka toka miguuni hadi kichwani: du, du, du, kwa! Watu wakanyamaza. Mfupi akahamaki, akainua bega. Du, du, du, kwa!

"Anagonga!"

Wakati huohuo bodaboda ikafunga breki mbele yetu, akashuka Mzee Mpira, simu mkononi. Shemeji yake alikuwa amempigia toka Geita kumpa pole mjane, akapokea marehemu mwenyewe. Mimi kwa mazoea nikamwambia, "Shikamoo mzee." Akaitika, "Marahaba." Hapo ndipo Furahisha ilipokimbia. Mwinjilisti alitangulia. Wabebaji wakaliachia jeneza, mfuniko ukaruka, mpira ukabingirika hadi miguuni kwa mzee.

Akauokota, akauvua jezi, akapitisha kidole gumba kwenye mshono. "Huu nimeushona mimi." Kisha akalizunguka jeneza, akalipima kwa hatua, akasimama kando yake akalinganisha na urefu wake. "Na hili? Mbona saizi yangu?"

Fundi akajifanya anakagua mikwaruzo. Mtoto mkubwa wa mzee, ambaye alitukuta njiani akalia kutushinda wote bila kuuliza chochote, akaanza kurudi kinyumenyume.

"Wewe! Ulitanguliza shilingi ngapi?"

Jibu halikuja. Tukamweleza mzee habari ya soka na wakubwa wake na kura tusizopiga. Akasikiliza nusu. "Rambirambi ziko wapi?"

Mwenyekiti akaileta kofia. Mzee akakaa juu ya jeneza, akaanza kuhesabu, noti kushoto, sarafu kulia. Watu wakarudi mmoja mmoja, viatu mkononi, wakasimama mbali kidogo. Vijana wa Igoma nao wakatokea, mabango juu, filimbi zinalia, wakakuta umma umetulia unamtazama mzee akihesabu hela, nao wakanyamaza.

Akainua sarafu moja juu, kila mtu aione.

"Hii mia mbili katoa nani?"