Affile ilikuwa na ungo wa Benedikto, ikamchagua Graziani

Jumapili iliyopita binamu yangu alinitumia picha tano kutoka Italia. Anaishi Roma, anamtunza mama mmoja mzee ambaye miguu imemkataa, na siku hiyo watoto wa yule mama waliwapakia wote wawili kwenye gari wakapanda nao milimani kununua mvinyo. Picha ya kwanza ni kichochoro cha mawe, chembamba hivi kwamba watu wawili wakikutana lazima mmoja ajibanze ukutani. Ya pili ni mizabibu kwenye mteremko. Ya tatu na ya nne ni ukungu mtupu, na ameandika, "Huku kunakaa Limuru kabisa." Katika ya tano yupo yeye mwenyewe, na koti lake la buluu, anatabasamu mbele ya jengo la mawe lenye maneno mawili makubwa: PATRIA na ONORE. Taifa na Heshima. Chini yake ameuliza: "Huyu jenerali waliyemjengea ni nani? Mimi wameniambia tu alipigana Afrika."

Alipigana Afrika! Nimekaa na maneno hayo wiki nzima na bado yananichoma.

Mji wenyewe unaitwa Affile. Uko mashariki mwa Roma, kwenye milima ya Simbruini, jirani na Subiaco, karibu mita 700 juu ya usawa wa bahari. Wakazi wake ni kama 1,500, idadi ambayo shule moja kubwa ya bweni hapa kwetu inaifikia. Ni wa zamani sana. Warumi wa kale walikuwa wakiuita Afile. Kama miji mingi ya pande hizo umekaa juu ya kilima, nyumba zimeshikamana, mashamba yako chini, na mtu aliyetaka kuja kwa ubaya alikuwa akionekana mapema. Zabibu nyekundu ya hapo ina jina la mji, Cesanese di Affile, na tangu mwaka 1973 mvinyo wake unalindwa kisheria ili mtu wa kwingine asilitumie jina hilo kwa mvinyo wake. Mpaka hapo nakubaliana na binamu yangu, ni pazuri.

Lakini kuna kitu kizuri kuliko mvinyo, na hakuna aliyemwonyesha.

Karibu mwaka 500 alipita hapo kijana mmoja mzaliwa wa Norcia. Alikuwa amepelekwa Roma kusoma, akachukizwa na maisha ya wanafunzi wenzake, akaacha masomo akaondoka. Alifuatana na mtu mmoja tu, yaya wake aliyemlea. Walipofika hapo wenyeji waliwapokea vizuri, wakakaa kwenye kanisa la Mtakatifu Petro. Siku moja yaya akaazima ungo kwa majirani apepete ngano. Akausahau mezani, ukaanguka, ukapasuka vipande viwili. Yaya akaanza kulia. Aliyewahi kuharibu kitu cha kuazima anajua kilio hicho. Marehemu nyanya yangu alikuwa na ungo mmoja ambao hakumpa mtu nje ya boma, kwa kuogopa siku kama hiyo. Kijana akavichukua vile vipande, akapiga magoti, akaomba huku akilia na yeye, na alipoinuka ungo ulikuwa mzima. Watu wa mji wakautundika kwenye mlango wa kanisa kila mtu auone, ukakaa hapo miaka mingi, mpaka wakati wa Walombadi, watu waliokuja kuivamia Italia. Papa Gregori Mkuu ndiye aliyeiandika habari hii, miaka chini ya mia moja baadaye.

Kijana huyo ni Benedikto, baba wa watawa wa Ulaya yote ya magharibi. Muujiza wake wa kwanza aliufanya Affile, juu ya ungo wa jikoni, kwa sababu mwanamke aliyemlea alikuwa analia. Na watu walipoanza kumsifu akaukimbia mji. Alitoroka hata yaya asijue, akaingia kwenye pango huko Subiaco, akaishi humo miaka mitatu. Sifa zilimtisha kuliko njaa.

Sasa mji wenye hazina kama hiyo, ulipotaka kumjengea mtu, ulimjengea nani?

Rodolfo Graziani. Na kwanza hata hakuzaliwa Affile! Alizaliwa Filettino, mji mwingine wa milima hiyo, mwaka 1882. Affile alikuwa na makazi, na makaburi ya Affile ndiyo yaliyompokea alipofariki mwaka 1955. Huyu ndiye aliyeongoza majeshi ya Mussolini Cyrenaica, Libya, ambako watu wa jangwani walifungiwa kambini na mifugo yao wakafa kwa maelfu, na ambako mzee Omar al-Mukhtar, kiongozi wa upinzani wao, alinyongwa mwezi Septemba 1931 akiwa na umri wa zaidi ya miaka sabini. Mwaka 1935 akapelekwa Mogadishu kuwa gavana, na kutoka Somalia akaivamia Ethiopia kwa upande wa kusini, na gesi ya sumu ilitumika. Mwaka 1936 akawa mtawala wa Ethiopia nzima kwa niaba ya mfalme wa Italia.

Tarehe 19 Februari 1937 maskini wa Addis Ababa waliitwa kwenye uwanja wa ikulu wagawiwe sadaka, kusherehekea mtoto wa kiume aliyezaliwa katika nyumba ya mfalme huko Italia. Vijana wawili, Abraha Deboch na Mogus Asgedom, wakamrushia Graziani mabomu ya mkono. Alijeruhiwa, hakufa. Askari wakawageuzia bunduki wale maskini waliokuja kupokea sadaka. Halafu kwa siku tatu jiji likachomwa na watu wake wakauawa, kwa risasi, kwa majembe, kwa moto ndani ya nyumba zao. Serikali ya Ethiopia inahesabu waliokufa kuwa 30,000. Kuna wanahistoria wanaotaja idadi ndogo zaidi, na hata iliyo ndogo inazidi wakazi wote wa Affile.

Mwezi Mei mwaka huo huo akaagiza wauawe watawa wa Debre Libanos, kwa madai kwamba wale vijana wawili walisaidiwa na monasteri hiyo. Debre Libanos ni monasteri ya karne ya 13, ya Mtakatifu Tekle Haymanot, na kwa Waethiopia ni roho ya kanisa lao. Watu walikuwa wamekusanyika hapo kwa ajili ya sikukuu. Wakachukuliwa kwa malori hadi bondeni wakapigwa risasi. Telegramu za Graziani mwenyewe zinataja watawa 297, kisha siku chache baadaye mashemasi 129. Waliochunguza baadaye wanasema ni zaidi ya elfu moja.

Hapo ndipo nashindwa kabisa. Mji ambao baba wa watawa alipiga magoti kuunganisha ungo uliopasuka umemsimamishia jengo la heshima aliyeagiza watawa wauawe. Benedikto aliandika kwenye kanuni yake kwamba mgeni anayefika apokewe kama Kristo mwenyewe. Wa Debre Libanos wengi walikuwa mahujaji, wageni wa monasteri. Sihitaji kwenda mbali kutafuta kipimo cha kumpimia Graziani. Kipimo kiko hapo hapo Affile, na kimekuwapo miaka 1,500. Mtu anaweza kuniambia kwamba wanakijiji hawakusoma habari za Ethiopia, kwamba shule za Italia kwa muda mrefu zilizipita habari hizo haraka. Sawa. Lakini habari ya Benedikto wanayo tangu utotoni, na mtu aliyelelewa na habari hiyo akisikia mara moja tu neno Debre Libanos, inatosha.

Jengo lilizinduliwa Agosti 2012, katika bustani ya Radimonte, kwa euro kama 127,000 za umma. Mkoa wa Lazio ulikuwa umetoa fedha kwa ajili ya bustani na kumbukumbu ya askari. Askari yeyote angeweza kusimama hapo. Kila mji wa Italia, hata ulio mdogo vipi, una wakulima wake waliokufa kwenye vita ambavyo hawakuvichagua, na hao wangestahili jiwe. Meya na wenzake wawili walifikishwa mahakamani kwa kosa la kuutukuza ufashisti, wakatiwa hatiani mwaka 2017, kesi ikapanda hadi mahakama ya juu kabisa na huko hukumu ikatenguliwa. Mimi si mwanasheria na sigombani na mahakama. Nagombana na jina lililowekwa pale na sifa lililopewa.

Wanaosema ni mambo ya kale wawaulize wanaokusanyika kila mwaka tarehe 19 Februari pale Sidist Kilo, Addis Ababa, kuwakumbuka waliouawa.

Wanaosema aliadhibiwa: mwaka 1950 mahakama ya kijeshi ya Italia ilimpa miaka 19 kwa kushirikiana na Wajerumani, na miezi michache baadaye akawa nje. Kwa Ethiopia na Libya hakuhukumiwa na mtu yeyote.

Nitakubali jambo moja, ingawa linaniuma kulikubali. Mji mdogo wa mlimani ambao vijana wake wanahamia Roma hutafuta chochote cha kuwavuta watu wapande, na wapo wana Affile waliolipinga jengo hili tangu siku ya kwanza. Na kaburi lake makaburini sina neno nalo. Kila mtu azikwe na watu wake.

Na kumzika adui kwa heshima tunajua. Mimi nimekulia njia ya Mai Mahiu. Kila tulipopanda kwenda Nairobi tulikipita kile kikanisa kidogo kando ya barabara, kilichojengwa mwaka 1942 na wafungwa wa vita wa Kiitaliano waliokuwa wakiichonga barabara ile kwenye ukingo wa Bonde la Ufa. Mama yangu alikuwa akifanya ishara ya msalaba kila tulipokipita, mvua au jua. Huko Nyeri, Mathari, amezikwa Duke Amedeo wa Aosta, yule aliyekipokea kiti cha Graziani Addis Ababa na kufia Nairobi akiwa mfungwa, pamoja na mamia ya askari wake. Sijasikia mtu wa Nyeri akilirushia jiwe kaburi hilo. Wakati huo huo kuna familia za Kenya ambazo babu zao wa KAR, jeshi la kikoloni la Waingereza, walisonga kutoka mpakani hadi Mogadishu na Addis Ababa mwaka 1941, na wapo waliowaona wakimbizi wa Kihabeshi wakiingia Isiolo na vidonda vyao. Tuliyabeba yote hayo na bado tukawapa wafu wao mahali pa kulala. Sisi tuliwapa kaburi. Hatukuwaandikia Heshima juu yake.

Kwa hiyo naomba jambo dogo tu kwa Affile, nalo halihitaji euro 127,000. Jina la Graziani liondolewe. Mawe yabaki, bustani ibaki, watoto wacheze. Wakitaka kuandika jina la mtu, waandike la yule yaya, na kama Gregori hakulitaja basi wachonge ungo.

Nilimwambia binamu yangu yote haya kwa ujumbe wa sauti, nikazungumza hadi sauti ikakauka. Alinijibu alfajiri, kabla hajamwamsha yule mama. Alisema picha ya tano ameifuta. Kisha akauliza lile kanisa la Petro liko upande gani wa mji, kwa sababu mvinyo ukiisha watarudi, na safari hiyo atawaambia wamteremshe hapo.