Posa Iliyokwama kwa Kifo cha Asmodean

Kwa wale ambao hawajawahi kuzama katika mfululizo wa The Wheel of Time, sina budi kuanza na maiti, kwa sababu bila ya maiti hiyo dada yangu angekuwa ameposwa kabla ya adhuhuri. Robert Jordan, Mmarekani wa Charleston aliyeanza kuutoa mfululizo huo mwaka 1990, alikimaliza kitabu cha tano, The Fires of Heaven, kilichotoka mwaka 1993, kwa kumwua mchawi mmoja aitwaye Asmodean bila ya kutuambia ni nani aliyemwua. Asmodean ni mmoja wa wale wakuu 13 waliojiuza kwa Bwana wa Giza. Katika kitabu hicho ameshatekwa, amepunguziwa nguvu zake, na anaishi kwa kujifanya mpiga kinubi, huku kwa siri akimfundisha uchawi kijana Rand, ambaye ndiye shujaa wa hadithi. Siku ya mwisho anatembea ndani ya jumba la kifalme la Caemlyn, anafungua mlango mdogo akitaraji kupita huko kwenda stoo kutafuta mvinyo mzuri, anamwona mtu, anamaka kwa kumtambua, kisha anakufa. Hakuna zaidi.

Wasomaji walibishana juu ya mlango huo kwa miaka 17. Walishukiwa karibu wote waliokuwa hai katika hadithi, pamoja na baadhi ya waliokwisha kuhesabiwa kuwa marehemu. Walikuwapo watu wazima, wenye kazi zao na familia zao, waliodai kwa mzaha uliochanganyika na chembe ya imani kwamba muuaji alikuwa Bela, farasi jike mnene mwenye manyoya marefu ambaye kitabu cha kwanza kinamwonyesha akikokota mkokoteni. Jordan, kila alipoulizwa, alisema kwamba jibu liko wazi kwa mwenye kusoma, au alitoa lile jibu lake mashuhuri alilowapa wote waliomsumbua: soma ujue. Alifariki Septemba 2007 bila ya kulitangaza jina hilo. Brandon Sanderson, aliyekabidhiwa kazi ya kuvimalizia vitabu vilivyobaki, ndiye aliyekuja kulitoa mwaka 2010, tena aliliweka waziwazi katika faharasa iliyo mwishoni mwa kitabu cha 13, mahali ambapo mtu huenda kutazama namna ya kutamka majina. Miaka 17 ya upelelezi, halafu faharasa! Mimi binafsi naona ilikuwa dharau.

Nina rafiki yangu wa utotoni anayefanya kazi Maskati, na mimi ndiye niliyemwingiza katika vitabu hivi. Wakati wa kisa hiki alikuwa amekimaliza kitabu cha tano, na alikuwa ameapa kwamba hatatazama chochote kwenye intaneti kitakachomharibia utamu. Badala yake alinihangaisha mimi kwa jumbe za sauti, naye ni mtu anayezungumza taratibu, kwa Kiswahili cha Unguja kilichonyooka na sauti nzito isiyo na chembe ya utani, kiasi kwamba hata akisoma orodha ya vitu vya sokoni utadhani anatangaza msiba. Kila nilipomjibu kwamba asome ajue, alinitumia nadharia nyingine ndefu kuliko ya kwanza.

Siku walipokuja wenye posa, sebule yetu ya Tanga ilikuwa imetandikwa mikeka mipya, wazee wa pande zote mbili wameketi wakitazamana kwa adabu, na dada yangu amefungiwa chumba cha ndani pamoja na mashangazi, nyuma ya pazia, kwa sababu siku hiyo mwali haonekani wala hasikiki. Baba alikuwa ameazima spika kubwa ili wageni wapokewe kwa kaswida. Kazi ya kaswida alipewa mpwa wangu, mtoto wa darasa la tatu, ambaye alipoona simu ya mama yake imeishiwa bando aliichukua yangu iliyokuwa ikichajiwa dirishani na kuiunganisha na spika bila ya kumwambia mtu. Kaswida ilipokwisha, na mshenga aliposhika bahasha ya posa kwa mikono miwili akaanza kusema kwamba wamepita njia na wameona ua katika bustani yetu, mtoto yule akagusa ujumbe wa sauti wa WhatsApp. Na kama mjuavyo, ukisha kuugusa mmoja, iliyobaki hufuatana yenyewe.

"Assalaam aleikum, ndugu yangu," spika ikasema. "Usiku kucha nimeufikiria ule uuaji, na leo nasema wazi: wewe muuaji unamjua. Unamjua tangu zamani, na umekaa kimya unanitazama ninavyotaabika."

Mshenga alibaki na bahasha hewani. Baba hakusema neno. Alinigeukia polepole, kwanza macho, kisha shingo, kisha mabega.

"Tukubaliane kwamba marehemu hakuwa mtu mwema," sauti ikaendelea. "Alikuwa mchawi, na alikuwa akimsomesha kijana wa watu uchawi wakati wenyeji wanadhani ni mpiga muziki tu. Lakini mtu kuuawa vile, mlangoni, anajitafutia kinywaji chake! Na usisahau kwamba siku hiyohiyo alikuwa ameshauawa mara moja, akarudi."

Nilinyanyuka kumwahi mtoto. Yeye, alipoona ninavyomjia, alidhani nakwenda kumpiga, akatoka mbio na simu kuelekea uani, akajificha nyuma ya pipa la maji. Umbali huo haukutosha kuikata spika. Kwa hiyo, wakati mimi nazunguka pipa upande mmoja na yeye upande mwingine, wageni wetu walipata nafasi ya kuusikiliza ujumbe wa tatu wote, kuanzia mwanzo hadi mwisho.

"Wengine nimewaondoa, sasa namtazama yule mwanamke. Ni mzuri mno, na ule uzuri si wa bure. Mwanamume akishaingia mikononi mwake hana akili yake tena, hata mama yake mzazi hamjui. Watu wazito, wenye vyeo vyao, amewageuza watumishi wa kumshikia sinia. Ole wake atakayeingia katika nyumba ile!"

Niliporudi sebuleni na simu mkononi, shangazi wa bwana harusi alikuwa analitazama pazia.

Nilitaka kueleza, lakini maelezo ya namna hiyo hayana mahali pazuri pa kuanzia, na kabla sijafungua kinywa alinitangulia mjomba wa bwana harusi. Mzee huyu ni karani mstaafu wa mahakama, na tangu alipostaafu, nadhani, alikuwa akiisubiri siku kama ile.

"Kijana, keti hapo. Jina la marehemu?"

"Asmodean, mzee."

"Mwenyeji wa wapi?"

"Si mtu wa kweli, mzee. Ni wa kitabuni."

"Kitabu kilete."

Nilikileta. Mzee alikipokea, akakipima uzito kwa kukipandisha na kukishusha, akavaa miwani, akampa mdogo wa bwana harusi ambaye ni mwalimu wa sekondari, na mwalimu akathibitisha mbele ya wote kwamba ni hadithi ya kubuni na kwamba marehemu yumo. Wazee wakavuta pumzi. Baba akacheka kicheko kirefu kisicho na furaha, akaomba radhi kwa niaba ya ukoo, na mshenga akainyanyua tena bahasha yake.

"Subiri kidogo," karani akasema. "Huyu bwana aliuawaje mara mbili siku moja?"

Hapo ndipo posa ilipokwama. Nilijaribu kueleza kwa ufupi, lakini uchawi wa Jordan haukubali ufupi, kwa kuwa una kanuni zake kama sheria yoyote ile. Nilieleza kwamba nguvu yenyewe ina nusu mbili, saidar ya wanawake na saidin ya wanaume, na kwamba ile ya wanaume imetiwa uchafu na Bwana wa Giza hivi kwamba kila mwanamume anayeitumia mwishowe hurukwa na akili. Mashangazi waliokuwa ndani waliliitikia jambo hilo kwa sauti, kana kwamba si habari ngeni. Kisha nikaeleza kuhusu moto uitwao balefire, ambao huuchoma uzi wa maisha ya mtu kurudi nyuma, hata yale aliyoyatenda muda mfupi kabla ya kuchomwa yakawa hayakutendeka. Rahvin, mwenzake Asmodean katika wale 13, alikuwa amewaua Asmodean na watu wengine wawili kwa radi siku hiyo. Rand akamchoma Rahvin kwa moto huo, na wale waliokufa wakajikuta wamesimama.

"Kwa hiyo," akasema karani, akizivua miwani zake, "ukimteketeza mshtakiwa kwa nguvu ya kutosha, kosa lenyewe linafutika, na mlalamikaji anarudi nyumbani mzima?"

"Ndiyo, mzee."

Alikaa akilitafakari jambo hilo kwa muda mrefu, na usoni mwake niliona majalada yote aliyopata kuyabeba yakipita.

Bibi yangu, ambaye tulidhani amesinzia, aliuliza kama katika hadithi hiyo yumo mnyama aliyekuwapo tangu mwanzo, asiyesemwa sana na asiyekufa wenzake wanapokufa. Nikasema yupo farasi. Bibi akasema basi ndiye huyo, ni jini, hakuna haja ya kuendelea. Naapa kwamba hajapata kusikia habari za Bela kutoka kwa mtu yeyote.

Karani hakukubali kesi ifungwe kwa farasi. Aliuliza jumba lile lilikuwa mikononi mwa nani. Nikajibu kwamba ni la malkia, lakini aliyekuwa amelikalia kwa hila ni huyohuyo Rahvin. Akauliza Rahvin alikuwa na washirika gani waliozoea kuingia mle. Nikawataja watatu ambao kitabu kinawaonyesha mwanzoni wakikutana naye: Lanfear, Sammael na Graendal. Lanfear tulimwondoa, kwa sababu alikuwa ametumbukia katika mlango wa ajabu kwenye gati la mji wa Cairhien, pamoja na mwanamke mwingine, na mlango wenyewe ukaungua. Walibaki wawili. Ninyi mnaofahamu habari hizi mtaona kwamba mzee wa watu, ambaye hajasoma hata ukurasa mmoja, alikuwa amefika mbali kuliko rafiki yangu wa Maskati, na pilau ilikuwa haijapakuliwa.

"Huyo Sammael ni mtu wa namna gani?" akauliza shangazi wa bwana harusi, ambaye sasa alikuwa amelipa pazia kisogo.

Nikasema ni jemadari, mfupi, mwenye kovu usoni alilolipata kwa adui yake, na kwamba angeweza kuliponya kwa uchawi lakini amekataa.

"Si yeye," shangazi akasema mara moja. "Mwanamume anayelitunza kovu lake ili watu waulize, akiua mtu atakaa kimya? Angekwisha kutangaza mpaka sokoni. Ni mwanamke huyo."

Hapo nilikuwa katika hali ya wale wanawake wa Aes Sedai wa vitabu hivyohivyo, ambao wamekula kiapo cha kutosema uongo na kwa hiyo wamekuwa mafundi wa kuuzungusha ukweli. Nilisema kwamba hoja ya shangazi ina uzito, kwamba hoja za wengine nazo zina uzito, na kwamba pilau inapoa. Mama yangu, aliyenizaa, akanitazama tu na kusema, "Ndiyo yenyewe. Mwanangu akizunguka hivyo, ndiyo yenyewe."

Karani hakuridhika na ushahidi wa uso. Aliomba simu ili ausikilize tena ule ujumbe wa tatu, akaishika mbali na macho kwa urefu wa mkono wake wote, na kwa kidole gumba kipana kilichopiga mihuri mingi akabonyeza, na kuendelea kubonyeza, alama ya kipaza sauti iliyo chini kuliani. Alikuwa anashangaa kwa nini haisemi kitu. Na ndani ya ukimya huo, dada yangu, ambaye amevisoma vitabu vyote 14 kwa kuniibia, na ambaye tangu asubuhi alikuwa amekaa katika vazi zito kwenye chumba kisicho na feni, alishindwa.

"Ni Graendal!" ikatoka sauti ya mwali nyuma ya pazia, bila ya spika lakini kwa nguvu ileile. "Graendal ndiye aliyemwua, imeandikwa katika faharasa ya kitabu cha 13, sasa tajeni mahari!"

Mzee alishtuka, akakiinua kidole chake. Simu ikalia ule mlio mdogo wa ujumbe uliokwisha kwenda.

Jibu kutoka Maskati halikuchelewa, na kwa kuwa hakuna aliyekuwa ameizima spika, tulilisikia sote. Kwanza zilisikika pumzi peke yake. Kisha rafiki yangu akauliza, kwa sauti ya mtu aliyedhulumiwa urithi, kama kweli jambo kama hilo lilikwenda kuandikwa katika faharasa, na ni mwanamke gani huyo katili aliyemwambia. Karani akaomba aonyeshwe namna ya kujibu. Alijitambulisha kwa jina lake kamili na cheo alichostaafu nacho, akampa pole, akamweleza kwamba mwanamke huyo ndiye wanayemposa, na akamshauri asikate tamaa, kwa kuwa kesi nyingine zipo.

Rafiki yangu alisema kwamba ni kweli, nyingine ipo. Alikuwa ameshaanza kitabu cha sita, na kwa maoni yake yule Taim aliyejitokeza humo kumsaidia Rand si mwingine bali ni Demandred, mmoja wa wale 13, amejigeuza. Nadharia hiyo iliwateka wasomaji kwa miaka mingi, ingawa Jordan mwenyewe aliikana, na ilizikwa kabisa mwaka 2013 katika kitabu cha mwisho, Demandred alipotokea vitani akiongoza jeshi la Shara, nchi ya mbali. Nyuma ya pazia tulisikia mashangazi wakihangaika, na nadhani walikuwa wanamziba mtu mdomo.

"Ana ushahidi?" karani akaniuliza.

Nikamwambia asome ajue. Akaomba kitabu cha sita, akakiweka juu ya cha tano chini ya goti lake, akaamuru pilau ipakuliwe, na mshenga akaruhusiwa hatimaye kuiweka ile bahasha chini, ikiwa imelowa jasho upande mmoja.